Mafunzo ya uongozi hukwama kwa mkubwa aliyebaki ofisini

Hapa Lubumbashi semina za uongozi hazikosi. Katika hoteli za katikati ya mji, karibu kila juma kuna ukumbi uliokodiwa na kampuni fulani kwa ajili ya watu wake: makapita, yaani viongozi wa vikundi vya wafanyakazi, wasimamizi wa zamu, wakuu wa maghala, akina mama wanaosimamia maabara na majiko ya kambi za migodi. Wanafundishwa kusikiliza, kugawa kazi, kumkosoa mtu bila kumvunjia heshima, kuzima ugomvi ungali mdogo. Ijumaa wanapiga picha ya pamoja, wanapokea vyeti, wanaagana. Miezi michache baadaye, kampuni iliyowatuma inaanza kulalamika kwamba pesa imekwenda na watu wamebaki walewale.

Lawama huwaangukia wawili. Mwezeshaji anaambiwa ni mtu wa makaratasi asiyejua kazi ya mgodini. Kapita anaambiwa ana kichwa kigumu. Kwa maoni yangu anasahauliwa wa tatu, naye ndiye mwenye neno la mwisho: mkubwa wa huyo kapita, anayempa kazi asubuhi na kumdai matokeo jioni. Mara nyingi mkubwa huyo hata ukumbini hakufika. Hajui mtu wake alifundishwa nini. Na kwa kutojua, anayafuta mafunzo yote kwa siku chache za kwanza, bila ubaya wowote moyoni.

Hili lilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1953, Edwin Fleishman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya katika kampuni ya International Harvester ya Marekani, watengenezaji wa matrekta na malori. Kampuni hiyo ilikuwa na shule yake mjini Chicago, ikiwapeleka wasimamizi wa viwandani wakajifunze namna ya kuishi na watu kazini. Walipomaliza kozi, fikra zao zilikuwa zimebadilika kweli. Maswali waliyojibu yalionyesha hivyo. Fleishman hakutosheka na hilo. Aliwafuata mpaka viwandani, akawauliza wao, akawauliza walio chini yao, akawapima na wakubwa wao pia. Huko akakuta kwamba athari ya kozi haikudumu, na kilichoeleza vizuri zaidi mwenendo wa msimamizi kilikuwa mwenendo wa mkubwa wake. Aliyekuwa chini ya mkubwa mwenye kuwajali watu, naye aliwajali wake. Aliyekuwa chini ya mkubwa wa amri tupu alirudia amri tupu, awe na cheti au asiwe nacho.

Ukifikiri vizuri, huyo msimamizi hakuwa mjinga. Mshahara wake, likizo yake, jina lake katika orodha ya watakaopandishwa cheo, vyote vilikuwa mikononi mwa mkubwa. Mwalimu wa Chicago alikaa naye muda mfupi tu. Mtu mwenye familia ataangalia uso wa nani?

Kwetu Katanga jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya njia tuliyopitia. Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, ilianza mwaka 1906, na mji wenyewe wa Lubumbashi ukafuata mwaka 1910. Kwa vizazi kadhaa uongozi wa kazini ulifundishwa ndani ya kazi yenyewe: kijana aliwekwa chini ya kapita, kapita chini ya mkuu wa sehemu, na kampuni ilikuwa na shule, hospitali na kambi zake. Uongozi ule ulikuwa mkali, na chini ya ukoloni ulikuwa wa dhuluma. Sitaki mtu yeyote aukumbuke kwa mapenzi. Lakini baada ya kampuni kutwaliwa na taifa mwaka 1967 na kuwa Gécamines, ulizaliwa utaratibu ambapo Mkongomani aliyeijua kazi alimlea Mkongomani mwenzake kwa miaka, wakiwa pamoja kazini. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Kisha likaja anguko la miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mengi yamesemwa, kwa haki kabisa, kuhusu familia zilizobaki bila mshahara na bila shule. Halisemwi sana kwamba siku ileile walitoka pia wale waliojua kumlea kapita.

Kisha migodi ikafufuka, baada ya Sheria ya Madini ya 2002, kwa kampuni nyingine na kwa mwendo mwingine. Sheria ya Februari 2017 ikazitengea kazi za kandarasi ndogo, yaani zile ambazo kampuni kubwa huzigawia nyingine, kampuni ambazo mtaji wake mwingi umeshikwa na Wakongomani. Mji ukajaa kampuni za usafiri, za chakula, za ulinzi, za kuchomelea vyuma, za kuosha magari makubwa, na kila mojawapo ikahitaji viongozi kwa haraka. Waliopewa vyeo ni wale waliokuwa hodari wa kazi ya mikono. Fundi bora wa kuchomelea akaamka siku moja ni mkuu wa mafundi kumi na watano, baadhi yao wazee wa enzi ya Gécamines wanaoweza kuwa baba zake. Pengo hilo ndilo tunalojaribu kuliziba kwa semina za siku tano. Haja ni ya kweli. Njia tunayoitumia ndiyo yenye kasoro.

Nieleze tukio moja nililolishuhudia katika karakana ya magari makubwa, upande wa barabara ya kwenda Likasi. Ni saa 12 na nusu asubuhi, kikao cha kabla ya kazi. Kapita ni kijana aliyerudi kutoka mafunzoni juma lililotangulia. Mbele yao kuna lori ambalo beseni lake lina ufa. Alivyozoea, angesema tu nani ashike mashine ya kuchomelea na kazi iishe saa ngapi. Asubuhi ile alimgeukia mzee mmoja aliyesimama nyuma, mikono mfukoni, akamwambia, “Papa, ufa huu uliushona wewe mara ya kwanza. Unaona nini?” Mzee alishangaa kuulizwa. Akasogea, akagonga bati kwa nyundo ndogo mahali patatu, akasema bati la nyuma limelika, ukiushona ufa utarudi, lazima bati likatwe liwekwe jipya, na hiyo ni kazi ya siku nzima. Wengine wakaanza kuchangia. Mmoja akasema ghala lina bati la unene huo.

Hapo mkuu wa karakana akaingia, simu bado sikioni. Akasikiliza kidogo, akauliza mbona watu wamesimama, kisha akamwambia kapita mbele ya wote, “Mteja anataka gari yake saa sita. Ile mambo ya formasyo acha kulekule. Huku ni kazi.” Mzee akavaa kinyago chake, akaushona ufa. Hakusema neno lingine mpaka saa ya chakula, na sidhani kama kijana yule alimuuliza tena kitu mbele ya watu. Lori nalo likarudi kabla mwezi haujaisha, ufa ukiwa palepale.

Yule mkuu wa karakana si mtu mbaya. Alikuwa na mteja anayempigia kelele, na kwa macho yake alikuta watu wanapiga soga. Hakuna aliyemwambia kwamba kijana wake ametumwa ajifunze kuuliza kabla ya kuamuru. Hakuna aliyemwambia kwamba katika siku za kwanza kikao kitakuwa kirefu kidogo kuliko kawaida. Idara ya wafanyakazi ilichagua majina, ikalipa hoteli, ikapokea vyeti, ikaviweka kwenye faili. Yeye aliona tu kwamba kwa siku tano alipungukiwa mtu mmoja. Ningekuwa yeye, na nimeambiwa hayo tu aliyoambiwa, huenda ningesema maneno yaleyale.

Kabla sijaingia katika la kufanya, niondoe kwanza hoja moja inayopenda kusikika vikaoni. Wapo wanaosema utafiti umeonyesha kwamba ni asilimia 10 tu ya mafunzo ndiyo hutumika kazini. Namba hiyo imezunguka dunia nzima. Inafuatiliwa hadi makala ya mwaka 1982 ya mwandishi aitwaye Georgenson, ambaye hakupima kitu. Aliuliza tu kwa namna ya kuchokoza ni mara ngapi umesikia wakurugenzi wa mafunzo wakikadiria kwamba ni asilimia 10 pekee inayobaki. Swali likageuzwa kuwa takwimu. Waliopima kweli wameleta habari njema zaidi: mwaka 2017 Christina Lacerenza na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 335 za mafunzo ya uongozi, wakaona kwamba kwa jumla mafunzo hayo yanasaidia, katika maarifa na katika mwenendo kazini pia. Yalisaidia zaidi pale yalipoanza kwa kuchunguza haja halisi, yalipokuwa na mazoezi ya kufanya badala ya kusikiliza tu, watu walipoelezwa wanavyoendelea, na yalipogawanywa katika vipindi vyenye nafasi katikati. Kwa hiyo anayetaka kufuta bajeti ya mafunzo asijifiche nyuma ya ile asilimia 10.

Sasa, la kufanya. Kazi inaanza kabla ya semina, kwa mazungumzo ya nusu saa kati ya kapita na mkubwa wake, wawili tu. Mkubwa amwambie kapita kwa nini amemchagua yeye. Kisha wataje tatizo moja la kazi yao, linaloonekana kwa macho: makabidhiano ya zamu yanayochukua muda kwa sababu hakuna aliyeandika mashine ipi imeharibika, mafundi wawili wasiosemezana, kazi zinazorudiwa. Kapita aende semina akiwa amebeba tatizo hilo. Na mkubwa aahidi kitu kimoja kutoka upande wake, kwa mfano kwamba kwa mwezi mmoja hataingilia kikao cha asubuhi. Mkubwa asiyeweza kupata nusu saa hiyo, kapita wake asipelekwe. Najua ni sharti gumu, na kuna kapita mzuri atakayekosa nafasi kwa sababu ya uzembe wa mwingine. Bado naona ni afadhali kuliko kumpeleka, kumfungua macho, kisha kumrudisha kwa mtu atakayemwaibisha mbele ya wazee.

Kuhusu semina yenyewe, mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani. Kati ya 1940 na 1945, wakati wa vita, viwanda vya Marekani vililazimika kuchukua mamilioni ya watu wasiojua kazi ya kiwandani, wakiwemo wanawake wengi, na kuwapa vyeo vya usimamizi watu waliokuwa juzi tu wafanyakazi wa kawaida. Serikali ikaanzisha mpango wa mafunzo ndani ya viwanda. Kila kozi ilikuwa ya saa 10 tu, vikao 5 vya saa 2, kikundi cha watu wapatao kumi. Kila mshiriki alileta kazi halisi anayoisimamia akaifundisha mbele ya wenzake, nao wakamkosoa, kesho yake akarudi akairekebisha. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walipewa cheti cha mpango huo. Baada ya vita mpango ukapelekwa Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliouchukua na kuujenga ndani ya utaratibu wao. Kilichowasaidia, naamini, ni kwamba msimamizi alilala usiku katikati ya somo na somo, na asubuhi alikuwa kwenye mashine yake. Siku tano mfululizo hotelini hazimpi mtu nafasi ya kujaribu kitu kikashindikana, akarudi kuuliza.

Kuna na suala la lugha, ambalo hapa kwetu ni zito kuliko watu wanavyokiri. Semina inaendeshwa kwa Kifaransa, na katika kampuni nyingine kwa Kiingereza chenye mkalimani. Kazi inaendeshwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Lubumbashi chenye adabu zake za papa na mama, za mkubwa na mdogo. Kapita anaweza kujibu mtihani wote kwa Kifaransa safi, kisha akasimama mbele ya timu yake siku ya kazi moja, kama tunavyoiita Jumatatu, asiwe na sentensi hata moja ya kusema. Anajua kanuni, hana maneno. Nimewaona wanaoanza kuchanganya na kusita, halafu wanaona ni rahisi kurudi kwenye kupaza sauti, maana amri hizo wanazo tangu zamani. Kwa hiyo mwezeshaji asimwachie mtu aondoke kabla hajasema kwa sauti, kwa lugha ya kazini kwake, maneno yaleyale atakayomwambia mfanyakazi aliyechelewa au mzee aliyekataa kuvaa kofia ya usalama. Mara tatu, mara nne, mpaka yamkae mdomoni.

Maneno hayo yafungwe na wakati maalumu. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha, katika kazi aliyoijumlisha mwaka 1999, kwamba mtu anayepanga “likitokea hili, nitafanya hili” hutimiza nia yake kuliko anayesema tu kwamba anakusudia kubadilika. Nia ya “nitakuwa kiongozi msikivu” haina pa kushika. Linganisha na hii: fundi akileta ripoti ya zamu imechelewa, kwanza nitamuuliza kilichomchelewesha, ndipo nitasema langu. Moja inatosha kwa mwezi. Anayerudi na mambo kumi na mawili ya kubadilisha hatabadilisha hata moja, na timu yake itamwona amerudi na wazimu wa semina.

Baada ya kurudi, mkubwa anahitaji kufanya jambo moja tu kila juma: amuulize kapita, “Ile yako imekwendaje?” na asikilize jibu mpaka mwisho. Dakika kumi. Marshall Goldsmith na Howard Morgan, washauri wa Marekani, waliandika mwaka 2004 kuhusu mipango ya kukuza viongozi katika kampuni 8, na waliona kwamba viongozi waliorudi mara kwa mara kwa wenzao wa kazi kuwauliza maendeleo yao ndio wenzao waliowaona wamebadilika. Ambao hawakurudi kuuliza, wengi walionekana walivyokuwa. Kipimo chao kilikuwa macho ya wafanyakazi wenza, si uzalishaji, na hilo lazima lisemwe. Lakini katika uongozi macho ya wenzako ni sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya ng’ambo unapogonga ukuta wetu. Huwezi kumsimamisha mzee wa miaka hamsini na nane mbele ya vijana ukamwambia, “Niambie nimekosea wapi.” Hatasema. Heshima haimruhusu, na ukimlazimisha unamdhalilisha yeye, unajidhalilisha na wewe. Njia ipo, nayo inapitia msaada, wala si tathmini. Kapita mmoja mwanamke, msimamizi wa jiko la kambi, alinieleza anavyofanya: kabla ya kikao humwendea mama aliye mkubwa kwa umri katika timu na kumwambia, “Mama, leo unifuatilie. Nikimkata mtu maneno, tukimaliza uniambie.” Mama anafuatilia. Wakati wa kuosha masufuria anamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba alimkata yule msichana wa mboga mara mbili. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na mama amepewa kazi ya hadhi inayofanana na umri wake. Ningependa wawezeshaji wetu wote wafundishe hivi badala ya kugawa fomu zenye alama moja hadi tano.

Fomu zina tatizo jingine kubwa zaidi, nalo ni woga. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kampuni hizi ndogo wana mikataba mifupi, au ni vibarua wa kutwa. Mtu ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao hataandika kwamba shefu wake anatukana, hata fomu ikiwa haina jina, kwa sababu mwandiko unajulikana na timu ina watu tisa. Atajaza alama tano kila mahali. Kampuni itasoma fomu hizo na kufurahi. Anayetaka ukweli katika hali hiyo apitie kwa delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, ikiwa yupo na anaaminika, na aulize kuhusu mambo ya kazi badala ya kuuliza kuhusu mtu: kikao cha asubuhi kilifanyika siku ngapi juma hili, nani alizungumza, vifaa vilivyoombwa vilijibiwa?

Vipimo vya namna hiyo ndivyo vinavyokosekana. Tangu mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alieleza ngazi nne za kupima mafunzo: washiriki waliyapendaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti kazini, na kazi yenyewe imepata nini. Zaidi ya miaka 60 imepita na wengi wetu bado tumekaa ngazi ya kwanza, ile karatasi ya Ijumaa inayouliza kama chakula kilikuwa kizuri. Ngazi ya tatu haihitaji mtaalamu kutoka Johannesburg. Hesabu kazi zilizorudiwa. Hesabu watu wanaoomba kuhamishwa timu. Soma daftari la makabidhiano ya zamu uone kama limeanza kuandikwa.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Kapita akianza kusikiliza vizuri, taarifa za ajali zilizonusurika zitaongezeka, na malalamiko nayo yataongezeka. Mkubwa asiyejua atasema mafunzo yameharibu timu. Kumbe watu waliokuwa wananyamaza wameanza kusema nati ililegea wapi na nani nusura apondwe mkono. Katika miezi ya kwanza ongezeko hilo ni dalili nzuri, na mtu wa usalama kazini lazima alieleze hivyo juu, kabla kapita hajaadhibiwa kwa kufanya alichotumwa kufanya.

Kwa nini basi kampuni zinaendelea na mtindo wa hoteli na cheti? Naona sababu kubwa ni faili. Kampuni ndogo inapoomba kazi mgodini huulizwa ushahidi kwamba watu wake wamefundishwa, na cheti ni ushahidi mwepesi kuambatanisha. Hapo cheti kimekwisha kufanya kazi yake siku kilipotiwa muhuri, na kapita akibadilika au asibadilike, zabuni inaendelea. Wenye migodi wana uwezo wa kubadilisha hili kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Badala ya kuuliza ni wasimamizi wangapi wamefundishwa, waombe kuona daftari la ufuatiliaji la miezi mitatu lenye sahihi ya mkubwa wa kila msimamizi. Mwanzoni daftari nyingi zitajazwa kwa uongo usiku mmoja kabla ya ukaguzi, hilo halina shaka, lakini mkaguzi akizungumza na mafundi wawili karakanani atajua.

Pesa ya kufanya haya haihitaji kutafutwa mahali pengine. Siku tano za ukumbi, chakula na usafiri zikipunguzwa kuwa mbili, zinazobaki zinatosha kumlipa mwezeshaji aje kazini mara moja kwa mwezi, asimame pembeni wakati wa kikao, kisha akae na kapita na mkubwa wake kwa saa moja. Waajiri tayari wanalipa mchango wa lazima kwa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa mjini. Kudai kwamba mchango huo urudi kwa namna ya ufuatiliaji karakanani ni haki yao, na sijui kwa nini hawaidai kwa nguvu. Mkataba wa mwezeshaji nao uandikwe upya: theluthi moja ya malipo ibaki mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, itolewe baada ya kapita, mkubwa wake na mwezeshaji kukaa pamoja na kuonyesha kile kitu kimoja walichokubaliana mwanzo kimefika wapi. Mwezeshaji anayeijua kazi yake hatakataa sharti hilo.

Zinabaki kampuni ndogo kabisa, za watu kumi au ishirini, ambazo hazina idara ya wafanyakazi na mkubwa ndiye mwenye mali. Kwao mambo ni mepesi kwa upande mmoja: mtu wa kushawishiwa ni mmoja, na akikubali hakuna wa juu yake wa kumpinga. Kwa upande mwingine ni magumu, kwa sababu mwenye mali huona mafunzo ni ya wafanyakazi na yeye amekwisha kujua. Ningemwomba jambo moja tu. Kikao cha kwanza cha mafunzo aketi ndani, meza moja na kapita wake, simu imezimwa, na mwezeshaji atakapowaambia watu wataje tatizo wanalokutana nalo kazini, yeye awe wa mwisho kusema.